Uchaguzi wa Masomo ya Mtihani na Milango ya Vyuo

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kisegi



Mtunza Hazina amekwisha kuwasomea hesabu ya fedha: zilizochangwa, zilizolipiwa karo, na zilizosalia. Mimi sina hesabu ya fedha. Nimeombwa niseme juu ya hesabu nyingine, nayo ni hesabu ya masomo: mtoto wetu atafanya mtihani katika masomo gani, na masomo hayo yatamfungulia mlango wa chuo gani.

Labda mzee mmoja atasema moyoni mwake, "Hayo ni mambo ya walimu, sisi kazi yetu ni kulipa." Nawasihi mnivumilie kidogo, kwa maana hapo ndipo fedha zetu zinapopotea. Desturi ya chama chetu ni kuchanga mtoto akisha kupokea barua ya chuo. Lakini yaliyomo katika barua ile yalikwisha kuamuliwa zamani, siku mtoto alipochagua masomo. Na siku ile hapakuwa na mzee wala mwanachama karibu naye. Alikuwa na rafiki zake wawili watatu, karatasi, na kalamu. Sisi tunafika na mchango wetu wakati mlango umekwisha kufungwa, kisha tunashangaa kwa nini haufunguki.

MAMBO YALIVYOKUWA ZAMANI

Wazee waliosoma enzi za ukoloni watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Mtihani wa sekondari siku zile ulikuwa ule wa Cambridge. Haikutosha mtu kufaulu hapa na pale; cheti kilitolewa kwa mafungu ya masomo, na aliyeshindwa Kiingereza aliweza kukosa cheti chote hata kama hisabati yake ilikuwa safi. Baada ya hapo walikuwako wachache walioendelea na mtihani wa juu, ambao mtu alichagua masomo machache tu, na machache hayo yakawa ndiyo maisha yake. Aliyekwenda na historia hakurudi tena kwenye kemia.

Nchi ilipobadili mambo, mitihani nayo ilibadilika. Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki liliundwa mwaka 1967. Kenya ikapata baraza lake mwaka 1980. Mpango wa 8-4-4 ukaanza mwaka 1985, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Majina yalibadilika mara nyingi, lakini kanuni moja haikubadilika: chuo hakimwulizi mtoto anapenda nini, bali humwuliza alifanya mtihani wa masomo gani na akapata nini.

Nitataja watu wawili wa nchi yetu hii ya ziwa, ambao habari zao zajulikana na wote. Wa kwanza ni marehemu Tom Mboya, mwana wa Rusinga. Aliingia shule ya Mangu, lakini karo ikashinda nyumba yao, akatoka bila kumaliza. Hakukaa kulia. Mwaka 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, akajifunza ukaguzi wa afya, akapata kazi katika Baraza la Mji wa Nairobi, na mwaka 1955 akaenda kusoma katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford. Ndiye aliyesimama mbele katika safari ya ndege ya mwaka 1959 iliyochukua wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Mlango mmoja ulipofungwa, alitafuta mwingine ambao vyeti alivyokuwa navyo viliweza kuufungua.

Wa pili ni marehemu Profesa Bethwell Ogot wa Gem, aliyefariki Januari 2025. Dunia yamjua kama mwana-historia mkuu wa Waluo na wa Afrika ya Mashariki. Lakini pale Makerere alisomea hisabati, na hisabati ndiyo aliyofundisha kwanza. Baadaye akaenda St Andrews, Scotland, akageukia historia. Nawaomba mzingatie jambo hili. Mtu wa hisabati aliweza kugeukia historia. Mtu wa historia peke yake, asiye na hisabati, ni shida sana kugeukia uhandisi au udaktari. Milango mingine hufunguka pande zote mbili, na mingine hufunguka upande mmoja tu. Mtoto wa miaka kumi na mitano hajui hivyo. Ni juu yetu kumwambia.

MAFUNZO YA KCSE

Mtihani wa KCSE unakaribia mwisho wake. Darasa la mwisho lilianza Kidato cha Kwanza mwaka 2024, nalo litaufanya mwaka 2027. Kwa ajili ya watoto hao, na kwa ajili ya wale waliokwisha kumaliza lakini wangali wakitafuta vyuo, yafaa tuelewe jinsi milango ya vyuo inavyopimwa.

Mtahiniwa hufanya masomo yasiyopungua saba na yasiyozidi tisa. Wengi hufanya manane. Kila somo hupewa alama, kutoka A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Anayetaka shahada ya chuo kikuu sharti apate wastani wa C+ au zaidi. Anayetaka stashahada, C- au zaidi. Na chini ya hapo ziko kozi za ufundi zenye vyeti vyake. Haya wazazi wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba wastani ni kama kufika uani tu. Kuingia chumba fulani ni jambo jingine. Idara inayowapanga wanafunzi vyuoni, ijulikanayo kwa herufi KUCCPS, hutazama mambo mawili pamoja: jumla ya mtihani mzima, na alama za masomo manne yanayohusiana na kazi ile mtoto anayoitaka. Mizani ya masomo hayo manne ina pointi 48. Watoto wawili waliopata wastani ule ule wa B waweza kuomba kozi moja, mmoja akapata na mwingine akakosa, kwa sababu wa pili alizipata alama zake nzuri katika masomo ambayo kozi ile haiyatazami.

Nitatoa mifano michache, ili jambo lisibaki hewani.

Anayetaka uhandisi hana budi kuwa na hisabati, fizikia na kemia. Asiye na fizikia asipoteze karatasi yake.

Anayetaka udaktari au uuguzi wa shahada hutakiwa biolojia na kemia, pamoja na hisabati au fizikia, na lugha pia hutazamwa. Tazameni, basi: fizikia yaweza kuachwa na mtoto akawa daktari, mradi hisabati yake iwe nzuri, lakini kemia haiachwi. Nimeona nyumba ambazo mtoto alilazimishwa fizikia kwa ajili ya udaktari, huku kemia ikiachwa iote magugu.

Anayetaka ualimu wa sekondari sharti awe na masomo mawili ya kufundishia, na katika kila moja awe amepata C+ au zaidi. Mtoto mwenye B+ katika Kiswahili na C katika historia bado hana jozi, hata kama wastani wake unatosha.

Anayetaka sheria ajue kwamba wastani wa C+ peke yake hautoshi kumpeleka hadi uwakili; B ya Kiingereza au ya Kiswahili yatakiwa. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho baadhi yetu hukiona kuwa somo la kujaza nafasi, kimewafungulia watu mlango wa mahakama.

Na sisi tulio kando ya ziwa, tunaoishi kwa omena na mbuta, tukumbuke kwamba iko elimu ya samaki na maji katika vyuo vikuu vya nchi hii, na msingi wake ni biolojia na kemia. Mtoto aliyekua akikokota nyavu na baba yake anajua mambo ambayo vitabu vingemfundisha kwa mwaka mzima. Ingekuwa aibu akose kuingia huko kwa sababu tu aliacha kemia kwa kuogopa mizani na chupa.

JINA LA SOMO LISITUDANGANYE

Liko kosa jingine linalofanywa na watu werevu. Mtoto hutazama jina la kozi, kisha hutafuta somo lenye jina kama lile. Anayetaka kuwa mhasibu hukimbilia elimu ya biashara na kuiacha hisabati ijiendee. Kumbe kozi za biashara katika chuo kikuu hutazama hisabati kwanza, na elimu ya biashara si sharti. Anayetaka sayansi ya kompyuta hudhani kwamba somo la kompyuta litamtosha. Kumbe hutakiwa hisabati na fizikia. Sisemi kwamba masomo hayo ni mabaya. Nasema ya kwamba jina si ufunguo. Ufunguo umeandikwa katika orodha ya masharti ya kozi, na orodha hiyo KUCCPS huitoa wazi. Yeyote aweza kuisoma au kusomewa.

HESABU YA SOMO DHAIFU

Yapo maneno ambayo wazazi wengi wameyasikia kutoka shule nyingi: "Mtoto wako aiache fizikia, itamshusha wastani." Walimu waliyasema kwa sababu, na nyakati nyingine sababu yao ilikuwa ya haki. Lakini tangu mtihani wa mwaka 2023 hesabu ya wastani imebadilika. Huhesabiwa hisabati, huhesabiwa lugha moja, ile mtoto aliyoifanya vizuri zaidi, kisha huongezwa masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri kuliko yote. Jumla ni masomo saba, na kamili yake ni pointi 84.

Tuchukue mtoto aliyefanya masomo manane. Hisabati C+, pointi 7. Kiingereza B-, pointi 8. Kiswahili B, pointi 9. Biolojia B-, pointi 8. Kemia C+, pointi 7. Fizikia D+, pointi 4. Historia B+, pointi 10. Kilimo B, pointi 9. Huchukuliwa hisabati, 7. Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha bora, 9. Kisha matano bora katika yaliyobaki: historia 10, kilimo 9, Kiingereza 8, biolojia 8, kemia 7. Jumla ni 58, ambayo ni B-. Ile fizikia iliyosemwa kwamba itamshusha haikuhesabiwa kabisa.

Kwa hiyo mtoto anayefanya masomo manane aweza kulibeba somo gumu pasipo kuuharibu wastani wake, mradi mengine saba yasimame imara. Lakini anayefanya saba tu, yote huhesabiwa, wala hana pa kulificha lililoanguka. Wala mtu asielewe vibaya: fizikia ya D+ haimshushi, lakini pia haimpeleki kwenye uhandisi. Linalotakiwa ni kwamba uamuzi ufanywe kwa hesabu ya mtoto na mlango anaoutaka, wala si kwa kuogopa tu jina la shule kuonekana chini katika orodha ya somo fulani.

MPANGO MPYA: UAMUZI UMESOGEA MBELE

Sasa nafika penye uzito wa maneno yangu. Chini ya 8-4-4, mtoto aliingia sekondari, akayaonja masomo yote kwa miaka miwili, ndipo akachagua mwishoni mwa Kidato cha Pili. Katika mpango mpya wa elimu ya umilisi, uamuzi huo umehamia Gredi ya 9, kabla mtoto hajakanyaga shule ya sekondari ya juu. Watoto wa kwanza wa mpango huu walifanya mtihani wao wa Gredi ya 9 mwaka 2025, na mwaka 2026 ndio mwaka wa kwanza wa Gredi ya 10.

Njia zilizowekwa ni tatu: njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; njia ya sayansi za jamii, ambamo mna lugha, historia, jiografia na biashara; na njia ya sanaa na michezo. Kila mtoto huchukua Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Kisha huongeza masomo matatu ya kuchagua. Matatu tu, wazee wangu. Zamani mtoto aliyekosea somo moja alikuwa na mengine manne au matano ya kumshika mkono. Sasa akikosea moja, amekosea theluthi ya uchaguzi wake.

Na hata hisabati yenyewe imegawanyika. Wanaofuata njia ya sayansi hufanya hisabati kamili. Wa njia nyingine waweza kufanya hisabati ya msingi. Mtoto aliyeichukua ile nyepesi kwa kuogopa jasho amejifungia milango ambayo hata hajaiona. Kwa hesabu za msingi mtu hapimi nguvu ya daraja wala kipimo cha dawa.

Pia kuna jambo la kuhurumia. Katika Gredi ya 7 hadi ya 9 mtoto hasomi fizikia, kemia na biolojia kila moja peke yake; husoma sayansi iliyounganishwa. Kwa hiyo anaambiwa achague kemia au aiache hali hajapata kukutana nayo kwa jina lake. Ni kama kumwambia kijana achague mchumba kwa kuona kivuli chake ukutani. Hana budi kuwa na mtu mzima wa kumweleza kilichoko nyuma ya kivuli.

Mwisho, kuchagua njia ni kuchagua na shule. Si kila shule ya sekondari ya juu ina njia zote tatu, na mtoto hupangiwa shule kwa kutazama alama zake pamoja na alichokiandika. Shule ya jirani yaweza kuwa na jina zuri, lakini ikiwa njia ya mtoto haimo ndani yake, jina lile halitamfaa kitu.

DESTURI ZETU ZINAZOWAPONZA WATOTO

Nathubutu sasa kusema juu ya nyumba zetu wenyewe, nanyi wazee mtanisamehe, kwa kuwa nasema kwa mapenzi.

Kwanza, tamaa ya mzazi. Baba husema mbele ya wageni, "Huyu ni daktari wangu," tangu mtoto angali akijifunza kuhesabu. Heshima hutuzuia kumpinga baba, na mtoto hukubali kwa mdomo. Lakini mtihani haujui heshima. Kama mtoto kila muhula huongoza darasa katika lugha na historia, na katika sayansi yu mkiani licha ya juhudi, basi tumruhusu awe mwalimu bora au wakili bora kuliko kuwa daktari ambaye hatapatikana kamwe.

Pili, binti zetu. Yapo mawazo kwamba fizikia na hisabati ni za wavulana. Nitasimulia bila kutaja jina la mtu wala la shule. Katika nchi yetu hii alikuwako binti mwenye kichwa chepesi cha hesabu. Shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia, na wasichana wote wa darasa lake waliambiwa waache somo hilo. Alipomaliza alipata A- katika hisabati na B+ katika kemia. Moyo wake ulikuwa katika umeme, kwa sababu aliona jinsi taa za sola zilivyobadilisha uvuvi wa usiku ziwani. Mlango ulikuwa umefungwa, si kwa uvivu wake, si kwa umaskini wa baba yake, bali kwa somo moja ambalo hakuruhusiwa hata kulijaribu. Wazee wa ukoo walikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili kwa ajili yake. Ng'ombe hawanunui fizikia iliyoachwa miaka miwili nyuma.

Tatu, kufuata urafiki. Watoto huchagua somo kwa sababu rafiki amelichagua, au kwa sababu mwalimu wake ni mpole. Urafiki ni kitu chema, lakini siku ya kupangwa vyuoni kila mtu huitwa kwa jina lake.

Nne, kutazama vitabu na kusahau vyombo. Kemia, biolojia na fizikia zina karatasi ya vitendo katika KCSE. Shule isiyo na maabara, wala chupa, wala dawa za kutosha, humpeleka mtoto vitani bila ngao. Kabla ya kumwambia mtoto achukue sayansi, mzazi na aende shuleni aulize kwa adabu: Maabara iko? Mwalimu wa somo hili yuko, naye ni wa kudumu au wa kupita? Mwaka jana watoto wangapi walilifanya, na walipata nini? Kuuliza si ujinga.

MLANGO WA KARAKANA

Haitakuwa haki nikisema juu ya chuo kikuu peke yake, kana kwamba wasiofika huko wamepotea. Nchi imeweka ngazi: fundi aweza kuanza na cheti cha chini, akapanda hadi astashahada, kisha stashahada, na akiwa na bidii, hadi shahada. Sheria ya mwaka 2014 juu ya ulinganifu wa vyeti iliwekwa ili ngazi moja ishikane na nyingine. Liko tawi la Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, mjini Homa Bay, na jingine Migori. Viko vyuo vya ufundi. Na kwa wanaofuzu vizuri, kiko Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ambavyo mtoto aweza kwenda bila kuvuka mikoa mitatu.

Lakini hata mlango wa karakana una masharti ya masomo. Fundi umeme atatakiwa hisabati na sayansi; mwuguzi wa stashahada ataulizwa biolojia na lugha. Mtu asimwambie mtoto, "Wewe ni wa ufundi tu, masomo hayana maana." Mkumbukeni Mboya: mafunzo ya ukaguzi wa afya yalikuwa ngazi yake, naye aliipanda kwa miguu imara.

NINALOLIOMBA KWA CHAMA

Vyama vya ustawi vya nchi hii havikuanza jana. Tangu miaka ya 1920, kilipoundwa kile cha walipa kodi wa Kavirondo, babu zetu walikutana chini ya miti kuzungumza juu ya kodi, afya na shule. Hawakungoja mtoto akue ndipo wamtafutie darasa. Walilidai darasa kabla hajazaliwa. Nasi tufuate nyayo hizo. Nayaweka mbele yenu mambo manne.

La kwanza: Kamati ya Elimu iwaite, katika muhula wa kwanza wa kila mwaka, watoto wote wa Gredi ya 9 wa Kisegi pamoja na mzazi au mlezi wao. Wasihubiriwe. Kila mtoto alete karatasi zake za matokeo tangu Gredi ya 7, na pamoja naye isomwe orodha ya njia, masomo, na kazi ziendazo na masomo hayo.

La pili: wanachama waliosoma, walioko Nairobi, Kisumu, Mombasa na kwingineko, kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya kazi yake: aliingia kwa masomo gani, na angemshauri mtoto achukue yapi. Mwuguzi aandike, fundi aandike, karani aandike. Kurasa hizo ziwekwe pamoja, zipewe shule zetu. Gharama yake ni ndogo kuliko karo ya mtoto mmoja kwa muhula mmoja.

La tatu: sehemu ya mfuko wa karo itengwe kwa vifaa vya maabara na kwa mwalimu wa kusaidia pale penye upungufu wa fizikia au hisabati. Najua wengine watanung'unika kwamba fedha za karo zisiguswe. Najibu kwamba karo inayolipwa kwa ajili ya mtoto aliyenyimwa somo lake ni kama petroli katika mtumbwi usio na mashine. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na masomo ya kuziba pengo baada ya shule ni ukuta wa bei kubwa.

La nne: kwa watoto wa KCSE waliobaki, Kamati ihakikishe kwamba kabla ya majina yao kupelekwa Baraza la Mitihani, kila mmoja ameketi na mtu mzima akayalinganisha masomo yake na masharti ya kozi tatu anazozitaka: moja ya juu, moja ya katikati, na moja ya kumshika asianguke.

Nikiulizwa shauri langu kwa kifupi, nitamwambia kila mtoto hivi. Ishike hisabati, hata ikikutoa jasho, kwa maana iko katika milango mingi kuliko somo lolote. Zishike lugha zote mbili. Ukiwa na nguvu ya sayansi, usiiache kemia bila kuuliza. Lichukue somo unalolipenda na unalolifanya vizuri, kwa kuwa huko ndiko utakakopata pointi zako. Kisha, kabla hujaandika, soma masharti ya kozi kuanzia mwisho kurudi mwanzo: kazi gani, chuo gani, masomo gani, alama gani.

Na kwa wazazi nasema: mtoto asiachwe peke yake na karatasi ile. Kumwachia hivyo si kumheshimu. Wala tusimwandikie sisi, kwa maana mtihani ataufanya yeye. Tukae naye. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi watu wa ziwa twajua maana ya methali hiyo kuliko wengine. Gredi ya 9 ndiyo wakati samaki angali mbichi.

Bwana Mwenyekiti, naomba mambo haya manne yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yajadiliwe leo kabla hatujatawanyika, na ikiwa yatakubaliwa, Kamati ya Elimu ipewe tarehe ya kuanza. Mwaka ujao taarifa yetu isomwe si kwa hesabu ya karo tuliyolipa tu, bali pia kwa hesabu ya watoto walioketi nasi kabla ya kuchagua.

 Mungu aibariki Kisegi na watoto wake.